Kivuli Mlangoni mwa Stesheni

Wiki hii tumekusudia kuzungumzia mahali ambapo wengi wetu hupita kwa haraka bila hata kupatia jina: ile nafasi iliyo baina ya pale gari linapotuteremsha na pale mlango wa stesheni unapotupokea. Kwa kijana mwenye mkoba mmoja begani ni hatua chache tu. Kwa bibi wa miaka 70 anayetembelea mkongojo, au kwa mama aliyembeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono, hatua hizo hizo ni safari kamili inayotangulia safari yenyewe.

Tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, stesheni imerudi kuwa sehemu ya maisha ya jamaa zetu. Huko ndiko tunakowasindikiza wanafunzi, tunakowapokea wagonjwa waliotoka matibabuni, tunakowangoja wageni wa harusi na jamaa wanaorudi kwa Idi. Jengo la Miritini lenyewe lilichora sura yake kutoka baharini. Ukilitazama kwa mbali utaona duara zilizopangana kuuzunguka mnara, mithili ya viwimbi vinavyotanuka jiwe linapotupwa majini. Ni wazo zuri, na sisi watu wa Pwani hatuna sababu ya kuliona geni.

Hata hivyo, jengo linaposemwa kuwa limeigwa kutoka katika maumbile, tungependa msomaji azoee kuuliza: limeiga nini? Limeiga sura ya maumbile, au limeiga kazi yake? Jani la mkungu lina sura, na fundi stadi anaweza kulichonga kwenye mbao au kulichora ukutani. Lakini jani lile lina kazi pia. Huzuia jua, huachia upepo upenye, na hupumua unyevu unaoipoza hewa iliyo chini yake. Fundi anayechukua sura peke yake amechukua nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomfaa bibi wa mkongojo.

Mji uliojulikana mno kwa milango ya stesheni iliyoigwa kutoka katika mimea ni Paris. Tarehe 19 Julai 1900, katika mwaka wa maonyesho makuu ya kimataifa, Paris ilifungua njia yake ya kwanza ya reli ya chini ya ardhi. Milango ya stesheni zake ilikabidhiwa msanifu majengo Hector Guimard, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 33. Kuteremka chini ya ardhi ili kusafiri lilikuwa jambo geni kwa wakazi wa mji ule, na Guimard aliwawekea mlangoni bustani ya chuma. Nguzo zake zimepinda kama mashina yanayotafuta mwanga. Vyuma vya ukingoni vimevimba na kujikunja kama majani machanga, na juu ya nguzo mbili za mbele zinainama taa za rangi ya chungwa iliyokoza, kana kwamba ni chipukizi zinazokaribia kuchanua. Chuma chenyewe kilipakwa rangi ya kijani iliyofanana na shaba iliyokaa miaka mingi mvuani, hata mlango ukaonekana kama ulioota hapo wenyewe.

Si kila mtu aliyependezwa. Mwaka 1904, kwenye uwanja ulio mbele ya jumba la Opera, kazi ya Guimard ilikataliwa na badala yake ukajengwa ukingo wa mawe wa mtindo wa kale, ili usigombane na haiba ya jumba lile. Miongo ilivyopita mitindo ikabadilika, na milango mingi ikang'olewa. Ilikuwa mwaka 1978 ndipo yote iliyosalia ilipowekwa chini ya ulinzi wa sheria kama urithi wa taifa. Kufikia wakati huo mlango mmoja ulikwisha vuka bahari miaka 20 nyuma, ukahifadhiwa na jumba la makumbusho ya sanaa la New York, mji ule ule alikofia Guimard mwaka 1942. Ndivyo yanavyokwenda mambo ya urithi. Aghalabu wa nje huja kuutambua kabla ya wenyewe, na sisi tuliozaliwa karibu na milango ya nakshi ya Mombasa na Lamu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo katika kazi ya Guimard ambalo watazamaji wa picha hulipita. Milango yake ilitengenezwa kwa vipande vya chuma cha kumimina kwenye kalibu, na vipande vile vile vilirudiwa katika stesheni nyingi. Kipande kikivunjika, chaweza kumiminwa kingine mfano wake. Kwa hiyo, mbali na uzuri, ni kazi inayotengenezeka, na ndiyo maana sehemu yake ingali inawapokea abiria baada ya miaka zaidi ya 120. Siku hizi neno “endelevu” linabandikwa kwenye kila mradi wenye picha ya jani juu ya karatasi yake. Sisi tungelipima kwa kipimo hiki cha mafundi: je, kitu kikiharibika, fundi wa hapa ataweza kukitengeneza, au itabidi kingojewe kutoka ng'ambo?

Pamoja na sifa zote hizo, milango mingi ya Guimard haina paa. Ni ukingo wa pande tatu na ngazi zilizo wazi, na mvua humnyea abiria mpaka amefika chini. Ile yenye mapaa ya vioo ilikuwa michache. Leo umebaki ule wa Porte Dauphine, uliosimama mahali pake pa asili, na ule wa Abbesses uliohamishwa kutoka stesheni nyingine. Mmea wa chuma ulimpa msafiri uzuri, ila haukumpa kivuli. Katika hali ya hewa ya Paris hilo lawezekana kuvumilika. Mtu atakayeuchukua mchoro ule na kuuleta Mombasa mwezi wa Februari atakuwa amewaletea watu pambo la kuchomea mikono.

Upande wa pili wa jambo hili unaonekana London, huko Canary Wharf, juu ya stesheni ya njia ya Elizabeth. Bustani iliyo juu ya jengo la stesheni ilifunguliwa mwaka 2015, nayo treni za njia hiyo zikaanza kupita mwaka 2022. Paa lake, lililosanifiwa na ofisi ya Foster + Partners, ni wavu wa mbao uliopindwa kama tumbo la jahazi lililopinduliwa, na baina ya mbao kumewekwa mito ya plastiki nyepesi iliyojazwa hewa. Mito hiyo hupitisha mwanga na kuzuia baridi. Kilichotuvutia zaidi ni kwamba katikati ya paa pameachwa wazi makusudi, ili mvua inyeshe moja kwa moja juu ya mimea. Msanifu angeweza kulifunika paa lote kisha akaweka mabomba ya kunyweshea. Badala yake aliliacha wingu lifanye kazi yake.

Hapo ndipo pameigwa kazi ya msitu, ambao huchuja mwanga juu, hupitisha maji katikati na kuyapokea kwa udongo chini. Hatusemi kwamba paa lile litatufaa; limejengwa kwa ajili ya watu wanaolikimbia baridi, na plastiki iliyojaa hewa chini ya jua la Pwani ingemchemsha aliye chini yake. Tulichokipenda ni ule utaratibu wa kuuliza mahali penyewe panatoa nini bure kabla ya kununua mtambo.

Afrika nayo ina mfano wake, ingawa si wa stesheni. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996 chini ya msanifu Mick Pearce, hupozwa kwa kuvuta hewa ya usiku na kuihifadhi ubaridi wake ndani ya saruji nzito, badala ya kutegemea mitambo ya kawaida ya kupozea. Wazo lilitokana na kichuguu cha mchwa. Wanasayansi waliokuja kuvichunguza vichuguu baadaye waliona kwamba hewa humo haisafiri kwa njia ile iliyodhaniwa na wasanifu. Jengo halikuacha kupoa kwa sababu hiyo! Lakini ni vyema tujue kwamba hata kichuguu hakijasomwa kikaisha.

Na tukirejea kwetu, hatuanzi na ukurasa mtupu. Nyumba ya mawe ya Lamu haikumtoa mgeni juani ikamsukumiza ndani kwa ghafla. Kulikuwa na daka mbele ya mlango, lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hukaa akavuta pumzi, akajipangusa jasho, akabisha hodi kwa utulivu. Asiyestahili kuingia ndani alikaribishwa hapo hapo na kupewa kahawa. Nyuma ya mlango mkubwa kulikuwa na tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu. Kila hatua ilipunguza mwanga na joto kidogo, na kila hatua ilikuwa na mahali pa kukaa. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari kwa boriti za mikoko, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti. Hayo yote yalitoka katika bahari na ghuba zilizo karibu, na hayakuhitaji msamiati wa kisasa ili yawe endelevu.

Stesheni ni nyumba ya mji, na mlango wake unastahili daka. Tunaposema hivyo hatutaki ukuta upakwe rangi ya matumbawe na mlangoni kubandikwe nakshi za plastiki. Tunataka ile kazi ya daka: kivuli kinachoanza mbali na mlango, pale pale tuktuk inaposimama, na viti vya kukalia vyenye kimo ambacho mzee anaweza kuinuka bila kuvutwa. Iwepo pia pembe yenye staha ambapo mama anaweza kumnyonyesha mtoto.

Jua letu lina tabia zake. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa Ikweta, kwa hivyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi kabisa. Katika saa hizo ukuta hautoi kivuli chochote cha maana. Kinachokinga ni paa pana lililotokeza nje. Asubuhi na alasiri mambo hugeuka. Jua huja likiwa chini kutoka mashariki au magharibi, likapenya chini ya paa na kumpiga abiria usoni. Hapo paa halisaidii tena, na kinachohitajika ni kitu kilichosimama wima, kama vile pazia la mbao lenye matundu, ukuta wa matofali yaliyoachiwa nafasi, au safu ya miti. Mlango unaotazama magharibi bila kinga yoyote umewahukumu wasafiri wa jioni.

Upepo nao una majira ambayo manahodha wetu waliyajua kabla ya kuwako ofisi ya hali ya hewa. Kaskazi huvuma katika miezi ya joto, tokea mwisho wa mwaka hadi Machi. Kusi huja na masika na kuendelea katikati ya mwaka. Kiingilio kilichoachwa wazi kwa pepo zote mbili, chenye paa lililoinuliwa ili hewa ya moto ipate pa kutokea, hakina haja ya feni kwa siku nyingi za mwaka. Lakini ukikizungushia vioo pande zote kwa ajili ya kupendeza, umejifunga mwenyewe katika gharama ya umeme isiyo na mwisho.

Kisha kuna sakafu. Siku hizi kila uwanja wa mbele hutandazwa kabro kutoka ukingo hadi ukingo. Ni safi, twakubali, na matope ya masika hayamfuati mtu ndani. Lakini saruji iliyoota jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hata baada ya Magharibi, na maji ya mvua yasiyopata pa kuzama hukimbilia barabarani. Kabro zinaweza kupangwa kwa kuachiwa nafasi za kunywea maji, na sehemu iliyo chini ya miti ikaachwa udongo.

Maji hayo yenyewe ni mali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kwa hesabu hiyo, paa la kiingilio lenye mita za mraba 500, likinyeshewa milimita 20 kwa usiku mmoja, limepokea lita 10,000, hata kama baadhi yake yatapotea njiani. Wazee wetu hawakuyaachia maji hovyo. Msikiti mkuu wa Gedi ulikuwa na kisima na birika lake la kutawadhia, na magofu yake yangalipo kwa anayetaka kwenda kutazama. Stesheni yenye birika chini ya uwanja wake ingenywesha miti yake na kusafisha vyoo vyake bila kuyagombea maji ya bomba na mitaa jirani, ambayo kwa Mombasa tunajua yanavyopatikana kwa shida.

Sasa miti. Hapa tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi hukosea. Mnazi ni fahari ya Pwani na kila mchoraji wa matangazo huuweka mbele ya jengo, lakini kivuli chake ni chembamba na nazi ikianguka haichagui kichwa. Mzambarau una kivuli kizito na matunda yapendwayo na watoto, ila katika msimu wake utaipaka sakafu rangi ya zambarau na kuwatelezesha wapitao. Mwembe vivyo hivyo, na pia utaleta warusha mawe. Mkungu unatandaza matawi kwa ngazi, kama mwavuli juu ya mwavuli, nao ni mzuri kwa kivuli, ila hupukutisha majani makubwa yanayoziba mifereji. Aliye tayari kufagia na aupande. Mkwaju hukua polepole, majani yake ni madogo na kivuli chake ni cha upole, na aupandaye anawapandia wajukuu. Mwarobaini hukua haraka zaidi, huvumilia ukame na udongo mbaya, na kila mtaa una mtu anayejua kuutunza. Tungeshauri mwarobaini kwa sasa na mikwaju kwa baadaye, ipandwe kwa kupishana.

Wako watakaosema kwamba ardhi ya mradi huwa imeshindiliwa na kujaa kokoto, hapaoti kitu. Jibu liko Bamburi. Tangu mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe bila udongo. Mvinje ndio uliostahimili. Majani yake yaliyofanana na sindano yalipoanguka hayakuoza, basi wakaletwa majongoo kuyala, na kinyesi chao kikageuka kuwa udongo ambao miti mingine ilipata kuotea. Leo familia zetu huenda pale kutembea chini ya msitu na kutazama wanyama. Ikiwa jongoo ameweza kufanya hivyo kwenye mwamba, mhandisi mwenye bajeti na matrela ya udongo hana udhuru. Sharti moja tu: mti usipewe shimo la ukubwa wa ndoo katikati ya kabro ukategemewa utoe kivuli.

Kuhusu makuti tutasema kwa ufupi, kwani tunajua wasomaji watauliza. Ni paa la baridi kuliko yote tuliyonayo, na tunalipenda. Lakini hushika moto upesi na huhitaji kuezekwa upya baada ya miaka michache, na mahali panapokusanya mamia ya watu hatuwezi kulishauri. Linaloweza kuchukuliwa kutoka kwenye makuti ni mteremko wake mkali unaomwaga mvua, na ule uwazi wa juu unaotoa joto.

Hoja ya gharama tunaijua. Miche ni rahisi. Kilicho ghali ni kumlipa mtu wa kuinywesha katika miaka ya mwanzo, na hicho ndicho kifungu kisichoandikwa popote katika mkataba. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa wasanifu peke yao. Katiba ya mwaka 2010 imeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake, nao wananchi wapewe nafasi ya kusema. Mikutano hiyo huhudhuriwa na wanaume wachache waliopata habari mapema. Wale wanaosubiri kwa muda mrefu zaidi milangoni, yaani akina mama, wazee na walemavu, ni nadra kuonekana. Jamaa mmoja akienda na nyanya yake na kumwacha azungumze mwenyewe juu ya ile njia ya kutoka kwenye tuktuk hadi mlangoni, atakuwa amewapa wahandisi kipimo wasichonacho katika mitambo yao.

Na maswali ya kuulizwa si mengi. Kivuli kinaanza mita ngapi kutoka mlangoni? Mlango unatazama wapi saa kumi alasiri? Maji ya paa yanaelekea wapi? Nani atanywesha miti, kwa miaka mingapi, na jina la kazi yake limeandikwa katika kifungu gani? Tena tungeongeza moja ambalo mara nyingi huja likiwa limechelewa: miti itapandwa lini? Ujenzi wa stesheni huchukua miaka. Mche wa mwarobaini uliotiwa ardhini masika ya kwanza, kwenye ukingo wa uwanja ambapo matrekta hayapiti, utakuwa umempita mtu kimo siku utepe utakapokatwa. Ule unaopandwa siku ya utepe, mbele ya kamera, utamkuta bibi yule angali juani.